Nilisema mama yangu ni bubu ili tuuziwe nyumba

Shikamoo mshauri, na kama nimekupita umri basi niwie radhi, ila jambo lililonileta kwako linanifanya nijione mtoto.

Kazi yangu ni kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, na katika mitaa yote niliyopangiwa kuna mmoja ulionikaa moyoni, uko pembezoni mwa mji, una ua wa michongoma uliokatwa vizuri, na ukiinama kusoma mita unasikia maji yakipita kwenye bomba, na kila nilipotoka huko nikarudi kwetu, ambako tulipanga vyumba juu ya karakana ya kuchomelea mageti, nilikuwa namwambia mke wangu siku moja tutahamia kule, na yeye ananijibu haya, oga kwanza ule.

Basi mama mmoja wa mtaa huo, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye mita yake naisoma tangu zamani, akaniambia anauza nyumba yake kubwa na yeye anahamia ile ndogo ya nyuma, kiwanja ni kimoja na katikati ni ua tu, kwa hiyo hawezi kumuuzia kila mtu, anataka watu watulivu, kwa sababu mpangaji wake wa mwisho alikuwa anatengeneza spika za harusi na kuzijaribu. Akasema njooni wote mnaoishi pamoja niwaone.

Wote maana yake ni mimi, mke wangu, binti yetu na mama yangu mzazi. Mama yangu, mshauri, amenadi nguo za mitumba sokoni tangu sijazaliwa, anapanda juu ya meza, anainua suruali, na watu walioko stendi wanaijua bei, na nyumbani ni hivyo hivyo, akiomba chumvi analetewa na jirani. Tulipokuwa bado getini nikamwambia, mama, leo naomba usiseme kitu. Akaniuliza, "Hata salamu?" Nikamwambia, mama, mimi nakujua, salamu ndiyo inayoanzisha yote.

Tukaingia, Mwalimu akamsalimu, akamuuliza hali, akamuuliza habari za safari, mama ananitazama mimi, mke wangu anatazama zulia, na nikajisikia nikisema, "Mama yangu ni bubu." Mwalimu akamshika mama mikono yote miwili, machozi yakamlenga, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumekubaliana.

Nilidhani ni uongo wa siku moja, lakini sikuwa nimepiga hesabu kwamba tungeendelea kuishi pale. Tulipohamia mama alikuwa anaongea ndani kwa kunong'ona, ila mnong'ono wa mama yangu unavuka ua, tukaanza kufunga madirisha, mke wangu akawa anamwambia "mama, sauti", mimi namwambia "mama, sauti", hata binti yetu akajifunza kusema "bibi, sauti", na siku moja ikawa hakuna tena haja ya kumwambia. Mama ameacha kusema kabisa. Simaanishi nje tu, hata mezani, hata na mimi. Akitaka chumvi anainuka anaifuata. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema koo lake ni zima kuliko langu.

Nikasema labda amekumbuka sokoni, nikampeleka. Wenzake walimlaki kwa vifijo, wakampandisha mezani, wakamtia gauni mkononi, na mama akasimama pale juu amefumba mdomo, anatazama watu, akaona hata jirani yetu wa nyumba ya kona aliyekuja kununua mapazia, kisha akalikunja lile gauni vizuri, akaliweka, akashuka. Sikuelewa.

Kinachoniumiza zaidi ni Mwalimu. Ametafuta mtu wa kumfundisha lugha ya alama, na umri ule, na yeye akamfundisha mama, sasa kila asubuhi wanakaa barazani kwake wanarushiana mikono, na juzi nilimwona mama anacheka mpaka mabega yanatikisika, bila sauti. Kwangu hajacheka tangu tuhamie. Naona wivu, mshauri, nakuambia ukweli. Kamati ya mtaa nayo ikampa mama zawadi ya saa ya ukutani, kwa kuwa jirani mtulivu kuliko wote, na mwenyekiti akanipongeza mimi.

Nataka kumwambia Mwalimu ukweli, lakini hati bado haijabadilishwa jina, iko kwa wakili, na mke wangu anasema tukisema sasa tutarudi juu ya karakana, mama avumilie mpaka hati itoke. Nyumba nimeipata, mtaa umetulia kama nilivyotaka, na usingizi sina. Nifanye nini?

Msoma mita

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu msoma mita,

Shikamoo yako nimeipokea. Umri wangu hakuuliza mtu.

Nakuonea huruma, kwa sababu nimewahi kuishi jirani na fundi wa mageti na najua mtu anaweza kusema lolote ili atoke pale. Huruma yangu inaishia hapo. Kuna watu wanauza shamba ili wapate nyumba, kuna wanaouza gari. Wewe ulitoa mdomo wa mama yako, na hukumuuliza kama unauzwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia mama kwamba sasa basi, yamekwisha, sema. Sijapaona. Nimeona "usiseme kitu", nimeona "sauti" kutoka kwako, kwa mkeo na kwa mtoto, halafu nimeona hospitali. Daktari wa watu alitafuta nini kooni? Mama yako haumwi. Mwanawe alimwomba anyamaze na yeye ananyamaza, na kazi yoyote aliyoishika mama huyo naona hakuifanya nusu nusu.

Unasema pale sokoni hukuelewa. Mimi niliyeko mbali nimeelewa. Mama yako alipanda mezani, gauni mkononi, wenzake wanamsubiri, na wewe mwenyewe umeandika kwamba alimwona jirani wa kona. Kama angefungua kinywa, habari ingefika mtaani kwenu kabla ya mapazia. Alikuwa anailinda nyumba yako. Alitamani kunadi, nina hakika alitamani, akalikunja gauni akashuka kwa ajili yako, na wewe ukarudi nyumbani ukijiuliza ana tatizo gani.

Mkeo usimlaumu sana. Anaogopa kurudi kwenye cheche za kuchomelea, hata mimi ningeogopa. Lakini mwambie hivi: hati ikitoka kabla hujasema, hutakuwa tena mtu aliyesema uongo kwa kubabaika mbele ya chai. Utakuwa mtu aliyemdanganya mama wa watu mpaka akatia sahihi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili halina dawa kwenye gazeti hili.

Kwa hiyo utakwenda kwa Mwalimu wiki hii. Nenda peke yako, na usiende siku ya kusoma mita ukajifanya umepitia tu. Usiseme "ilitokea", usiseme "tulidhani". Sema, "Mama yangu anaongea. Nilikudanganya mimi, nikamzuia yeye." Uongo wote ubebe wewe, usimwachie mama hata kipande, kwa sababu yule Mwalimu ndiye rafiki pekee aliyenaye katika mtaa huo mzuri, na ukiongea vibaya utamwondolea na huyo. Mwalimu atakasirika. Amejifunza vidole uzeeni ili aongee na mtu ambaye angeweza kumjibu, ana haki ya kukasirika mpaka achoke. Akisema hauzi tena, mshukuru, fungasheni, mrudi juu ya karakana. Mtarudi mkiwa wanne wenye sauti. Ile saa ya ukutani irudishe kwa kamati vyovyote itakavyokuwa.

Ukitoka kwa Mwalimu, usipitie popote, nenda kwa mama. Kaa chini, si kwenye kiti, mwambie nimeshasema, mtaa mzima unaweza kujua, huna tena cha kunilindia. Muombe radhi kisha unyamaze. Usimwambie "sasa sema, mama", maana umeshamwamuru vya kutosha juu ya kinywa chake. Anaweza kukaa siku nyingi bado kimya, na utazikaa naye. Hata akiendelea kuongea na Mwalimu kwa mikono kwa sababu wameizoea, wivu wako huo umeze.

Na siku atakapoamua kusema, sitegemei aanze kwa kukubariki. Ataanza na wewe, kwa sauti yake yote, na majirani watasikia. Kaa hapo hapo umsikilize mpaka amalize.