Nyuki wa Kijumba cha Matofali

Alhamisi, 6 Juni 1957

Nimemwona Jabez, mtunza bustani, toka dirishani. Kavua kofia, anagonga mizinga ya nyuki kwa ufunguo wa nyumba — mmoja mmoja, kwenye vidaka vya ukuta wa kijumba cha matofali — na kuinong'oneza. Kisha akaifunga vitambaa vyeusi! Nyuki huambiwa hivyo nyumba ikifiwa; wasipoambiwa, huhama. Nani kafa? Nimejipapasa mkono. Una joto.

Crispin, mtoto wa marehemu kaka, kasema hakuna msiba wowote, shangazi, kunywa supu.

Ijumaa, 7 Juni

Labda akili inaniacha. Vitambaa bado vipo — au ni vivuli?

Crispin anasema dada yangu Ottoline atakuja Jumapili, kama alivyoahidi. Alisema huku akitazama zulia.

Niungame, maana daktari hanifichi tena kwamba nakufa. Tangu tugombane siku ya kumzika baba, nimemwambia kila mtu kwamba Ottoline simtaki. Uongo. Kila siku yake ya kuzaliwa mimi huandaa vikombe viwili mle kijumbani. Nanywa changu, chake kinapoa. Nataka alisikie hilo kinywani mwangu kabla sijafa. Basi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimedai nipelekwe bustanini. Crispin kasukuma kiti changu cha magurudumu, ananung'unika njia nzima. Vitambaa ni vya kweli!

"Jabez! Si nilikataza?" Crispin akafoka.

"Ulikataza bibi asiambiwe, bwana. Nyuki hukuwataja."

"Mzee mpumbavu!"

"Ndiyo, bwana. Lakini wangehama."

Nikaelewa. Sikuelewa. Nyuki wana habari tangu juzi, mimi nanyweshwa supu!

"Ottoline?" nikauliza.

Jabez akainamisha kichwa. Jumatano, usingizini. Crispin akaanza kulia, eti aliuhofia moyo wangu. Nimemtuma chai. Vikombe viwili. Viwili, shangazi? Viwili!

Jabez anasema kazi yake ni nusu tu: habari ya ndugu, nyuki hutaka waisikie kwa ndugu. Kanipa ufunguo, kasogea kando. Naandika nimeegemea ukuta. Matofali yana joto la jua, kama ubavu wa mtu. Nimegonga. Kimya — wamenyamaza wao, au ni masikio yangu? Crispin yuko njiani, vikombe vinagongana kwenye sinia. Nimegonga tena. Nilitaka kuwaambia amekufa. Nimejisikia nikisema: Ottoline, chai yako —