Fundi Aliyeanza Kushukuru

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na kwamba cherehani nayo haijambo, maana najua ikiugua yenyewe nawe unaugua. Mimi ni mzima, ila sijatulia tangu uliponiambia kwamba daktari alikupima presha mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza hakuiamini mashine yake.

Daktari alikwambia upunguze hasira na mawazo. Wewe ukaniambia hasira ndizo zinazokuamsha asubuhi. Baba, mimi sikucheka. Niliogopa.

Sasa sikiliza. Hapa kazini, kwenye chumba chetu cha kupokea simu za wateja waliokasirika, tuliletewa mwalimu wa kutufundisha utulivu. Nilikwenda kwa ajili ya chai, nikabaki kwa ajili ya maneno yake. Nakuandikia yale yanayokufaa. Asubuhi, kabla hujagusa kitambaa, kaa kimya dakika kumi uvute pumzi tu. Kila siku tafuta mambo matatu ya kushukuru. Mchana jilaze kidogo. Jioni zima simu. Na ujiwekee lengo moja, dogo, linalowezekana. Mimi mwenyewe nakaa kimya stoo, katikati ya maboksi ya karatasi, na tangu nianze sijamkatia mteja simu hata mmoja.

Jaribu, Baba. Bado nakuhitaji, na kwa muda mrefu.

Mwanao,
Sindano


19 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Afya si mbaya. Cherehani inakusalimu, nayo ina mafua kidogo, inakohoa kwenye kitambaa kizito.

Hizo dakika kumi nimezianza. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi mbele ya duka, macho nimefumba, mikono magotini. Muuza vitambaa wa jirani akaja kunitikisa, akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia nimetulia tu. Akasema miaka yote ya ujirani wetu hajawahi kuniona nimetulia, kwa hiyo nisimfiche.

Simu nimezima kama ulivyosema. Nimeitia kwenye kopo la vifungo na sioni sababu ya kuitoa.

Kushukuru ndiko kulikonipa taabu. Niliandika mambo matatu kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Mama anayetuletea maji alinijazia pipa bila kumwagia vitambaa. Kinyozi ananigawia kivuli cha turubai lake. Muuza vitambaa hajanisukumia jora bovu mwezi mzima. Nikayatazama, nikajiuliza: kama namshukuru mtu mezani kwangu peke yangu, yeye atajuaje? Huko si kushukuru, ni kumsengenya kwa wema. Basi nikatoka nikawaambia wenyewe. Mama wa maji aliketi juu ya ndoo. Kinyozi alinikodolea macho mpaka mashine ikamla mteja nywele za upande mmoja, ikabidi anyoe kichwa chote. Tangu hapo kila siku natafuta watu watatu. Wengine naona wananikwepa.

Lengo nimeliweka, ila sikwambii.

Baba yako


6 Aprili

Baba,

Shikamoo. U hali gani, na kinyozi anaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mbavu zinaniuma kwa kucheka. Nilijua nikikupa dawa utakunywa chupa nzima. Simu nilisema uzime jioni, Baba. Asubuhi huwashwa. Itoe kwenye vifungo.

Kuhusu lengo lako, usinifanye mtoto. Umeshamshukuru kila mtu kwenye mtaa ule, mpaka aliyekupa kivuli. Je, dada yako aliyekufundisha kushika mkasi?

Nilikuwepo siku ile mlipokosana, nilikuwa napiga pasi. Mteja alikuja kujaribu koti, na Shangazi akasema mbele yake kwamba bega la kushoto limepanda. Ukamwambia, "Dada, hapa duka ni langu." Aliuweka mkasi wake mezani, akavaa viatu, akaondoka. Miaka saba sasa, yeye hajarudi nawe hujamfuata. Na mkasi wake bado unaning'inia kwenye msumari, na ole wake atakayeugusa.

Ndilo lengo lako, au silo? Nijibu.

Sindano wako


2 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa basi akufikishie mkononi, kwa sababu posta siwezi kuingoja.

Jana muuza vitambaa alinipigia simu akilia. Amesema mtaa mzima unajua kwamba unaaga. Amesema unapita mlango kwa mlango ukiwashukuru watu, na kwamba mtu mkali akianza hivyo ujue ameshaambiwa jambo hospitalini. Nilimwomba akupe simu, akasema umejilaza. Wewe, Baba, mchana? Halafu nikakumbuka ni mimi niliyekwambia ujilaze, lakini moyo haukutaka kuamini. Simu yako haipatikani. Barua yangu hukuijibu.

Kama kuna ugonjwa, niambie jina lake. Nimeomba ruhusa kazini, wamenipa mwisho wa mwezi wa sita, ila ukiniambia nije leo nitakuja leo na kazi ibaki. Nakaa stoo dakika kumi na zote zinaishia kulia.

Mwanao


9 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mimi ni mzima, wa afya, na nimenenepa. Hakuna ugonjwa wenye jina. Nisamehe kwa hofu niliyokutia. Simu nimeitoa kwenye kopo, imegoma kuwaka, naona kifungo kimoja kimeingia mahali pasipo pake. Nitaipeleka kwa fundi.

Mambo yalianza hivi. Watu wakawa wanakuja dukani wakiongea kwa sauti za chini. Wananiletea matunda. Mdeni wangu sugu, yule mwenye suruali ya kijivu, alilipa bila kudaiwa na akanishika mkono kwa muda mrefu. Mimi nikadhani utulivu ndio unafanya kazi. Nikakuona una akili nyingi.

Barua yako ya Aprili sikuijibu kwa kuwa ilinigusa penye kidonda. Ndiyo, lengo ni hilo. Nimeandika neno "Dada" kwa chaki kila asubuhi, na jioni nikalifuta kwa kiwiko. Sikuogopa kwamba atanifukuza. Niliogopa kwamba hatafungua mlango kabisa.

Basi Jumatano nipo nyuma ya duka, nakula, tena sahani ya pili. Mlango ukafunguka bila hodi. Shangazi yako, uvumi umemfikia naye. Macho yamevimba, begi mkononi, kilemba kimekaa upande. Akanitazama, akaitazama sahani.

"Nimesafiri kutwa nzima nakulilia," akasema, "na wewe unatafuna."

Nikasema karibu. Mdomo ulikuwa umejaa. Akaketi akacheka mpaka akalia tena, nami nikacheka, na muuza vitambaa alipochungulia alidhani nimekata roho.

Yupo hapa mpaka leo. Kila jioni anasema kesho anaondoka, na kila asubuhi anakaa nami kwenye benchi, ila kunyamaza kumemshinda. Na ile asante, mwanangu, bado haijatoka. Nimewashukuru watu ambao hata majina yao siyajui, huyu mmoja namkabidhi chumvi mezani na kuinamia sahani yangu. Akiondoka kabla sijaitoa, sidhani kama nitaipata nafasi nyingine.

Baba yako


21 Juni

Sindano wangu,

Marahaba kabla hujanisalimu. Sisi huku ni wazima. Ndiyo, nimesema sisi. Daktari amepima mara moja tu, akaiamini mashine, akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia kama ana kinyozi, aanze kwa kumshukuru.

Jana alikuja mteja kujaribu koti la harusi yake. Nikamvisha, nikarudi nyuma hatua moja, nikaliona limekaa vizuri. Shangazi yako alikuwa anashona vifungo. Akainua uso. Nikamwona anafungua mdomo, halafu anaufunga, anainamia vifungo vyake kama mtu aliyekatazwa. Mwanangu, pale niliumia kuliko miaka yote saba. Dada yangu anaogopa kusema ndani ya duka langu.

Nikamwambia, "Sema, Dada."

Akasema, "Sina la kusema."

"Sema. Nakuomba."

Akasema taratibu, "Bega la kushoto limepanda."

Nikalitazama. Lilikuwa limepanda. Nikautoa mkasi wake kwenye msumari, nikampa, nikamwambia mteja, "Bwana, huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Kila nguo nzuri niliyowahi kushona ilianzia mikononi mwake, na sijawahi kumwambia asante. Leo namwambia mbele yako." Mteja hakujua aweke wapi macho. Shangazi yako alifumua bega, akalikata upya, akaenda nyuma kutafuta uzi uliokuwa mbele yake mezani, akakaa huko kitambo.

Lengo limetimia. Sasa nataka jipya, nalo ni wewe. Njoo wiki ijayo kama ulivyoahidi, tukuone. Kalamu shangazi yako ananinyang'anya, kwa hiyo naishia hapa.

Baba yako

Mwanangu, mimi shangazi yako. Hujambo? Usimwamini huyu, anaongeza chumvi. Nililia kidogo tu. Neno lile nililingoja miaka saba, na nilipopewa sikujua niliweke wapi, nikaenda nalo nyuma. Hiyo kazi yako ya kukaa kimya mimi siiwezi, lakini aliyekufundisha mfikishie asante zangu, na umfikishie kwa mdomo, si kwa chaki. Nimekukatia gauni. Kwa posta silitumi, lazima nikupime mwenyewe. Ukija tutapima na lile koti la ugomvi wetu, mteja alilirudisha mwaka ule ule na baba yako amelificha kabatini. Bega bado limepanda.

Shangazi