Mkono wa Eustadia

Jumatatu, 4 Machi 1957
"Anayemficha mbwa wake asichomwe sindano ya kichaa ni adui wa jirani zake." Hivyo ameandika Protase, msaidizi wa mifugo Bukoba, katika gazeti. Adui! Kijana niliyemfundisha mimi kusoma! Nimemjibu kurasa nne. Leo wanahesabu mbwa, kesho ng'ombe, keshokutwa kodi – nani asiyeujua mwendo huo? Januari walipokuja hapa Nyakasimbi na sindano zao, nilimfunga mbwa wangu Karani katikati ya kibanja, migomba ikamficha. Watu wa Rugu na Bweranyange walisoma barua yangu ya wakati huo gazetini, nao wakaficha wa kwao. Sioni haya.
Basi kwa nini nimeandika kwamba sioni haya?
Karani hajala tangu jana. Kila siku hulala miguuni pangu nikiandika, ndiyo sababu ya jina lake. Leo yuko uvunguni, hataki mwanga.

Jumatano, 6 Machi
Taya limelegea, mate yanachuruzika. Akibweka, sauti si yake. Mke wangu Eustadia anasema ni mfupa umemkwama, niende nikampigie simu huyo adui yangu.
Simu iko dukani kwa Mutalemwa tu. Duka limejaa. Na Egbert yupo, ananunua chumvi – Egbert anayezikariri barua zangu kilabuni!
Protase alicheka kwenye waya. "Shikamoo, Mwalimu! Leo matusi ni ya mdomo? Gazeti limejaa?" Nikamweleza hali. Akaacha kucheka. Karani amechomwa sindano? Egbert alikuwa ananitazama. Nikisema hajachomwa, duka zima litajua kwamba barua zangu ndizo zinazomuua mbwa wangu.
"Amechomwa," nikasema.
"Una hakika? Maana kama hajachomwa, mtu yeyote asimguse mdomo."
"Nimesema amechomwa!"
Basi mtazameni kooni, akasema, huenda ni mfupa kweli.
Nilirudi nyumbani na maneno ya kumwambia Eustadia: asimguse mdomo. Sikuyasema. Alisema mkono wangu ni mkubwa mno, mimi nimshike mbwa kichwa tu. Akaingiza wake, wenye jeraha la kisu cha kumenyea ndizi. Nami nikashika kichwa.
Hakuna mfupa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemnawisha mkono kwa sabuni, mara tatu. Akacheka. "Baba Placidius, tangu lini? Hata siku ya harusi hukuninawisha!"
Nikaendelea kusugua. Karani hawezi kumeza maji. Nimemfunga nguzoni. Ananitazama.
Mwoga. Mimi!

Ijumaa, 8 Machi
Karani amekufa alfajiri. Nilimwambia Eustadia yote, jikoni. Hakupiga kelele. Alitazama kidole chake chenye jeraha. "Kumbe ulimwonea haya Egbert kuliko kunionea huruma mimi?" Kisha akafunga khanga mbili katika kitambaa, akasema twende, basi la Bukoba haliwasubiri waandika barua.
Sasa niko kwa Mutalemwa. Eustadia amekaa nje juu ya gunia la kahawa, amenipa mgongo. Nimesoma kwamba sindano za binadamu ni za tumboni, nyingi, na lazima zianze mapema. Siku mbili zimepita. Nimezipoteza mimi. Opereta anaitafuta Bukoba. Protase atasikia kwamba nilidanganya, na duka hili hili litasikia. Kisha awaambie hospitali wamngojee mke wangu.
Ninapongoja waya, haya ndiyo ya kupeleka gazetini, si kurasa nne:
Ninyi wa Rugu, Nyakasimbi na Bweranyange mliowaficha mbwa kwa neno langu, neno langu lilikuwa baya. Watoeni migombani leo, kwenye kamba, wapelekeni wakachomwe. Aliyelegea taya msimguse. Na aliyekwisha kumgusa asione haya kama mimi, aende hospitali –
Mutalemwa anaita: "Mwalimu, Bukoba!"
Egbert anatoka. Egbert, rudi! Simama hapa usikie nitakachosema, kisha nenda ukamtoe mbwa wako migombani.