Damu ya Binti Yako Haikufanyi Kijana

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, nisaidie upesi maana Alhamisi ijayo naumbuka. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, mtaalamu wa maabara katika hospitali moja, na kwa miaka ishirini na sita kila asubuhi mashine ya kuhesabu seli za damu ikiwashwa mimi ndiye ninayeijaribu kwa damu ya kidole changu, kwa sababu hesabu yangu haijawahi kuyumba, na wenzangu wakiona majibu yangu yametulia wanasema haya, mashine nzima, tufanye kazi, kwa hiyo utaelewa kwamba damu hiyo naionea fahari kuliko hata cheti changu cha ndoa.

Sasa mwezi uliopita daktari wetu mkuu akaleta mashine mpya na utafiti wa kuangalia uzee unavyozigusa seli za kinga, zile nyeupe zinazopigana na maradhi, akataka wafanyakazi wa kila rika watoe damu. Mashine ya zamani ilihesabu tu, hii inachambua, inakuonyesha seli ngapi ni kongwe, zilizokwisha pigana vita vyao, na ngapi ni makuruta ambao bado hawajaona adui. Nikaingiza yangu kwanza, peke yangu, mlango nimefunga. Lo! Makuruta wa kutafuta kwa tochi, waliobaki wote wastaafu watarajiwa. Nikaona haya, shetani akanipitia, nikarudi nyumbani nikamwambia binti yangu kitinda mimba, ana miaka ishirini na mitatu, lete mkono mwanangu, najaribu sindano mpya, nikachukua damu yake nikaibandika namba yangu.

Majibu yalipotoka daktari mkuu alikuja mbio akanikumbatia mbele ya watu. "Mzee, una kinga ya mtu wa miaka ishirini! Unakula nini?" Na mimi, sijui nilitoa wapi, nikasema kitunguu kibichi, kimoja kila asubuhi. Tangu siku hiyo inabidi nikitafune mbele yao saa ya chai, machozi yananitoka, wao wanadhani ndiyo dawa inafanya kazi, na idara nzima imeniiga hata wagonjwa wakifungua mlango wanarudi nyuma kwanza. Mke wangu amehamia chumba cha watoto.

Hayo ningeyavumilia, lakini habari zimemfikia dada yangu mkubwa, ana miaka sitini na tisa, ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na nilipougua surua nikiwa na miaka saba ndiye aliyenikanda kwa kitambaa cha maji siku tatu bila kuondoka kitandani kwangu. Mwaka jana homa ya mapafu ilimlaza hospitali siku tisa. Wiki iliyopita aliitwa zahanati kuchanjwa dhidi ya homa hiyo, akagoma. Nikaenda kumsihi, nikamkuta anamenya kitunguu.

"Wee mtoto, sindano ya nini? Mimi na wewe si tumbo moja? Damu yako iwe ya kijana, yangu iwe ya bibi kizee?"

"Lakini dada..."

"Lakini nini? Si wewe mwenyewe uliyepimwa?"

Nikanywa chai. Na tangu jana anakohoa.

Alhamisi wanakuja madaktari wageni, na daktari mkuu anataka kunitoa damu mbele yao. Nifanyeje, nijifanye naumwa, au nimwombe binti damu nyingine niifiche kwenye mfuko wa koti? Na je, nikila vitunguu kwa bidii hadi Alhamisi, makuruta hawawezi kurudi?

Mimi, Kidole cha Asubuhi.

JIBU

Marahaba, Kidole. Nimecheka mpaka miwani imeanguka, kisha nilipofika kwa dada yako kicheko kikakauka. Kumbe wewe unaogopa Alhamisi! Mwenzio anakohoa leo.

Tuanze na kitunguu: kitie kwenye mchuzi. Makuruta hawarudi kwa kutafuna. Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja, na wewe wa maabara unalijua hili kuliko mimi. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ndogo wanakofunzwa hao makuruta, nayo huanza kusinyaa tangu ujana. Ukifika umri wako imebaki kama shule yenye mwalimu mmoja, naye anasinzia. Ni kwako, ni kwangu, ni kwa daktari wako mkuu. Mashine haikukuonyesha ugonjwa, bwana, ilikuonyesha miaka hamsini na minane. Sababu ya kuona haya iko wapi?

Na ndiyo sababu ya chanjo. Makuruta wakiwa wachache, adui mgeni anaingia hakuna anayemtambua. Chanjo inawaonyesha sura yake mapema. Kwa mzee haishiki kwa nguvu kama kwa kijana, kweli, ndiyo maana mzee hatakiwi kuichezea. Na wewe umemwacha dada yako aikatae huku umeshika kikombe cha chai! Ungeona haya hapo, si kwenye mashine.

Sasa nisikilize. Usimtoboe tena huyo binti, mwombe radhi. Leo, narudia leo, nenda kwa dada yako. Mpeleke kwanza kwa daktari asikilizwe kifua hicho, na daktari akisema yuko tayari kwa chanjo, mwambie ukweli wote, halafu kunja shati lako uchanjwe wewe kwanza, yeye akiangalia. Atakutukana. Mwache atukane, ana haki. Kesho asubuhi, kabla ya chai, ingia kwa daktari mkuu useme, "Damu ile si yangu." Afute majibu yale, unyooshe mkono wako mwenyewe utolewe damu. Akikuandikia barua ya onyo, ipokee. Utafiti wake ni wa kujua wazee kama wewe na dada yako walindwe vipi, na wewe umemjazia damu ya binti wa miaka ishirini na mitatu.

Jambo la mwisho. Wale wastaafu uliowakimbia kwenye mashine, baadhi yao wamo humo tangu ile surua. Miaka hamsini na moja imepita na bado wanaikumbuka sura yake, ikirudi leo hawakuachi. Damu yako haijasahau siku zile tatu. Wewe ndiye uliyemsahau mwenye kitambaa.

Nenda. Na kabla hujabisha hodi, piga mswaki.