Mafundo niliyoyakata kwenye pikipiki ya baba

Jumamosi, Tinde. Joto kali, mawingu yanajikusanya na kutawanyika bila kutupa hata tone. Leo sijakaa chini dakika kumi mfululizo. Nimemimina chai mara tatu na mara zote nimeiacha ikapoa.

Acha nikiri mapema. Pikipiki ya baba nimeiharibu mwenyewe.

Ni kile kipikipiki kidogo cha zamani alichozungukia vijijini kuchanja ng'ombe, enzi zake akiwa bwana mifugo. Betri ya volti sita, taa hafifu, kiti kimechanika. Kaka yangu aliyeko Chato anasema tukiuze kwa watu wa chuma chakavu, maana mzee hatajua. Hilo "hatajua" ndilo lililonifanya nikitoe stoo. Ni kweli baba siku hizi ananiita Kabula, jina la marehemu dada yake, na kuna asubuhi ananiuliza nimekuja na nani. Lakini nilitaka angalau asikie mlio wa pikipiki yake.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mzunguko wa umeme nauchora ubaoni bila kuangalia kitabu, na wanafunzi wakikosea nawasema sana. Basi jana nikafungua taa ya mbele, nikakuta nyaya zote ni nyekundu. Baba alishaondoa zile za kiwandani akaweka nyaya za kulipulia baruti, mabaki aliyopewa na wachimbaji alipokuwa akifanya kazi upande wa Geita. Na kila waya ulikuwa na mafundo: huu moja, ule mawili, mwingine manne. Nikaona ni uchafu tu. Nilidhani ni mahali palipokatika akapafunga kienyeji. Nikakata mafundo yote, nikaunga upya, nikazungushia utepe mweusi, nikajisifu.

Asubuhi ya leo nikajaribu. Plagi haitoi cheche. Nikikanyaga breki, honi inalia. Nikiwasha taa, fyuzi inaungua.

Mchoro nilioupata mtandaoni unafuata rangi za nyaya, na hapa rangi ni moja. Nikapima kwa balbu na betri. Balbu ikawaka karibu kila nilipogusa. Ilifika saa nne ndipo nikaelewa kwamba yale mafundo yalikuwa alama. Baba aliyafunga ili akiharibikiwa porini atambue waya kwa vidole.

Na mtu wa kumuuliza alikuwa amekaa hatua kumi kutoka nilipo.

Sikumuuliza. Nilifagia uwanja, nikafua, nikafagia tena palepale. Niliogopa. Nisipomuuliza, naweza kuendelea kusema anajua. Nikimuuliza akashindwa, kaka atakuwa amesema kweli.

Saa tisa nikachoka kuzunguka. Nikamwekea baba kigoda mbele ya taa iliyofunguliwa, nikamuuliza huu waya ni wa nini. Aliushika, akaufuata kwa vidole hadi unakopotelea chini ya tangi, akafunga fundo moja. Akashika mwingine, akaufunga mawili. Hakurudia hata waya mmoja. Mmoja aliukunja bila kuufunga, akausukuma pembeni. Nami nikaunga fundo kwa fundo, moja na moja, mawili na mawili, na teke la nne pikipiki ikawaka.

Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikabonyeza kitufe cha honi.

Kimya. Badala ya honi kulia, taa ya mbele ikamulika. Nikabonyeza tena, taa tena. Amechanganya, nikajiambia, kumbe na hiki kimemtoka. Nikainama nikijifanya natafuta spana, asinione machozi.

Wakati huo jirani yetu, Mama Kulwa, alikuwa akirudisha ng'ombe kutoka malishoni, wamejaa njia nzima. Baba akainuka kwenye kigoda, akanyoosha mkono, akabonyeza kile kitufe mara mbili. Taa ikamulika. Mama Kulwa hata hakuuliza. Aliinua fimbo, akawasogeza ng'ombe wake kando taratibu, akaacha njia wazi kama aliyezoea.

Baba akanigeukia.

"Ng'ombe hazipigiwi honi, Kabula. Zikikimbia, nani atazikusanya?"

Miaka yote hiyo nimepakiwa nyuma ya pikipiki hii, na sikuwahi kujiuliza kwa nini honi yake hailii.

Nimemwandikia kaka kwamba haiuzwi. Hajajibu, na sijali. Ni mimi niliyekata, na baba ndiye aliyekumbuka. Ameniita Kabula, nami nimeitika. Kesho nitakaa naye tangu asubuhi nimuulize mengine, na chai nitainywa ikiwa moto.