Ng'ombe Thelathini wa Daftari Langu

Njoro,
3 Juni 2008

Kwako mpwa wangu Shiko, mwenye jina la mama yangu,

Kabla ya yote, fahamu kwamba barua hii inatoka kwa mtu ambaye, kuanzia Gilgil mpaka Sachangwan, hakuna ng'ombe wa gredi, hawa wa maziwa mengi, anayezaa bila yeye kuulizwa. Kule kambini Gilgil afisa mmoja wa jeshi alinitumia lori zima, askari wawili nyuma, kwa ajili ya mtamba wake mmoja tu. Nilimpandisha mara moja kwa mrija wangu wa mbegu, akazaa mapacha, na yule afisa akanipigia saluti. Wako wanaosema lori lenyewe lilikuwa la kabeji. Waache waseme.

Sasa salamu. U hali gani huko Nakuru? Kile kikohozi cha vumbi kimekuachilia? Sisi huku ni wazima, ila goti langu linaniambia mvua itanyesha hata siku ambayo hainyeshi. Mahindi yamefika magotini. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama bado unakula mkate mkavu saa nane ukiita chakula cha mchana.

Ningekupigia simu, mama, lakini kwenye simu mdomo wangu hukimbia mbele yangu. Kalamu ni ya polepole, inanipa nafasi ya kuona aibu.

Jumapili dada yangu Rahab, mama yako mzazi, alinieleza kuhusu mkutano wa Ijumaa. Alisema tajiri wako Bhavin amekuita ofisini ueleze ile programu ya ng'ombe ilipitaje mikononi mwako ikiwa na kosa, na kwamba umeamua kukubali kosa ni lako, urudishe funguo, uende Kihoto kuuza nguo na dada yako. Alisema hulali. Alisema unasoma zile karatasi zako za majaribio usiku na mchana ukitafuta pahali ulipokosea. Nilimwambia ninyi vijana mnapenda kujitesa. Halafu nikatoka nje nikasimama kwenye boma la ng'ombe mpaka chai ikapoa.

Nakumbuka ile siku ulipoongea na wanafunzi wa chuo pale mjini. Walikuwa kumi na tisa, niliwahesabu, ingawa watu wa Njoro nimewaambia mia tatu. Kijana mmoja alikuuliza kama kupima programu si kazi ya wale walioshindwa kuziandika. Wengine wakacheka. Ulimjibu polepole kwamba aliyejenga nyumba hawezi kusikia inavyovuja akiwa amesimama nje akiisifu. Ukasema hii ni kazi kamili yenye ufundi wake, na mpimaji apewe nguvu ya kusema programu hii haitoki leo. Tena ukasema lazima ijaribiwe na mtu yule yule atakayeitumia, akiwa na mambo yake ya kweli mkononi. Halafu ukanionyesha kwa kidole nilipokaa nyuma. Ukawaambia mjomba wako ni mtu wa mifugo, na hajawahi kusema ng'ombe ana mimba kabla ya kutia mkono.

Walinipigia makofi, mama. Sijawahi kupigiwa makofi na watu waliosoma. Nilipofika nyumbani nilimwambia shangazi yako kwamba hotuba ile yote nilikufundisha mimi.

Kwa hivyo Julai mwaka jana, Bhavin alipokubali kwa shingo upande kuwa na mpimaji, nilijua uzito wake. Ulinieleza vizuri. Yeye aliona ni hasara kumlipa mtu wa kutafuta makosa ya wenzake, akauliza kwani fundi hajui kazi yake. Lakini alikupa hii programu moja ya kuhesabu siku za ng'ombe kuzaa na kumtumia mkulima meseji. Ikitoka safi, wapimaji wangepata chumba chao na wewe ungekuwa mkubwa wao. Ukaniita mimi nikae siku mbili mbele ya kompyuta, niingize ng'ombe thelathini kutoka daftari langu, tarehe walizopandishwa, nilinganishe siku inayotoka na ile ninayoijua mimi. Kila ng'ombe akikubali, niweke alama kwenye fomu.

Fomu nilikuletea na alama thelathini. Uliweka sahihi chini yake bila hata kuangalia mara mbili. Ulisema kazi ya mjomba haihitaji kukaguliwa.

Sasa nije kwa Truphosa, yule mjane wa Sachangwan anayeuza maziwa kwa madereva wa malori. Unajua alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Januari, baada ya uchaguzi, watu walipokuwa wakichomeana nyumba, huyo ng'ombe alifichwa kwa jirani yake Kipkemei, katikati ya ng'ombe wa Kipkemei, wiki tatu, na Kipkemei akawaambia waliokuja kuuliza kwamba wote ni wake. Ng'ombe akapona. Nilikuwa nimempandisha mimi mwaka jana, tarehe tisa mwezi wa nane, nikaandika kwenye kadi 9/8, msichana wa ofisini kwenu akaingiza. Programu ikasoma mwezi mbele ya siku, ikafikiri ni tarehe nane mwezi wa tisa. Nasikia tarehe ikizidi kumi na mbili inajirudi yenyewe, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, ndiyo maana kosa lilijificha kwa wengi, na wakulima wazoefu husoma tumbo, hawasomi simu. Lakini huyo ndiye ng'ombe wa kwanza wa Truphosa. Meseji ilimwambia tarehe kumi na saba Juni. Basi katikati ya Mei akaenda Kitale kumwona binti yake aliyejifungua, akijua ana mwezi mzima.

Kipkemei alimkuta ng'ombe asubuhi, ndama amekuja kwa mgongo, amekwama. Nilifika na daktari Masinde saa tano. Ndama na mama yake, wote tuliwapoteza.

Truphosa alirudi na kuniuliza, mbele ya watu, mbona simu ilimdanganya. Hakulia. Alikuwa ameshika ile simu kama mtu anayenirudishia kitu changu. Na mimi, mama, nilisema ni hawa watoto wa kompyuta, wanakaa mjini kwenye viti vya kuzunguka, hawamjui ng'ombe. Nilisema hivyo nikijua mtoto mwenyewe ni nani. Watu wakaitikia kwa vichwa wakakubaliana nami.

Acha kutafuta kwenye karatasi zako. Hakuna utakachokiona. Sikuingiza ng'ombe hata mmoja. Alama zote thelathini nilizipiga kwa kalamu siku ya pili, mara moja, kama mtu anayepanda maharagwe. Ng'ombe wa kwanza kwenye daftari langu alipandishwa 2/5. Ningemwingiza huyo peke yake, kompyuta ingeniambia atazaa Novemba badala ya Februari, ningecheka, ningekuita, na Truphosa angekuwa anakamua leo. Wewe uliwaambia wale vijana habari ya mkono wangu. Mara hii nilisema ana mimba na mkono ukiwa mfukoni.

Barua hii ichukue Ijumaa, umpe Bhavin asome mwenyewe. Akisema mtu wa kawaida hafai kupima, mwambie huyo wa kawaida hajapima bado. Nitakuwa nje ya ofisi tangu saa mbili na daftari langu. Wakitaka, niingize ng'ombe wote thelathini mbele yao, hata ikinichukua mpaka jioni. Kwa Truphosa nilienda jana. Nilimwambia ukweli nikiwa nimesimama, kwa maana hakunikaribisha kiti. Mtamba wangu mwekundu yuko kwake sasa. Aliipokea kamba akampeleka zizini, nami nikaondoka.

Nisalimie wote wa hapo, na Ritu wa mapokezi, aliyekuwa akiniletea chai zile siku mbili. Shangazi yako ametuma mayai kwa mkono wa aliyekuletea barua, angalia yasivunjike. Unilaumu unavyotaka, lakini funguo usirudishe.

Mimi mjomba wako,
Muturi

Utauliza kwa nini sikuingiza hata mmoja, maana hiyo sikuandika hapo juu. Ukurasa wa kwanza ulitaka jina langu. Zile herufi za kompyuta hazikupangwa vile tulivyofundishwa darasa la nne. Niliitafuta M mpaka Ritu akaja na chai, akaniuliza kama kazi inaendelea, nikamwambia inaendelea sana. Wiki jana nimelipa nusu saa kwenye saiba, lile duka la kompyuta la hapa Njoro. Hiyo M iko safu ya chini kabisa, mama, upande wa kulia.