Tulicheka Mkono wa Baba Ukitetemeka

Mpendwa MaSibindi, naomba msaada wako, na ukinitukana nitavumilia, kwa sababu hapa Tembisa ninapokaa hakuna wa kunitukana, wote tulishiriki.

Mimi ni mwana wa Bulawayo, nanyoosha mabodi ya magari yaliyogongwa huku Johannesburg, na huu ni mwaka wa saba sijakanyaga nyumbani kwa kuwa karatasi zangu ziliisha muda, na anayetoka hivyo anaweza kufungiwa kurudi miaka mitano. Timu ya mtaa wetu, ile ya karakana za reli ambayo baba aliichezea beki kabla sijazaliwa, haionyeshwi na televisheni yoyote, kwa hiyo miaka minne iliyopita nilimtumia baba simu nzuri, tukapatana kila Jumapili saa tisa anipigie kwa video kutoka jukwaani, nami naiunganisha simu yangu na televisheni, tunakaa vijana tisa wa nyumbani na sufuria ya isitshwala, ugali wetu wa nyumbani, tunatazama mechi nzima kwa mkono wa mzee.

Siku ya kwanza alianza na uso wake, anatabasamu, anauliza, "Mmekula huko?" nami nikamwambia, "Baba, geuza simu, wameshaanza!" Akageuza. Tangu hapo hakuanza na uso tena, nikipokea tu ni majani na jezi, na mwaka huu picha ikaanza kutetemeka, wenzangu wakawa wanapiga kelele, "Mzee, umepanda punda?" naye anajibu kwa sauti ndogo, "Punda huyu ameshiba, msijali," chumba kizima kinavunjika mbavu na mimi nacheka kuliko wote, na akishusha mkono kupumzika namwambia, "Baba, inua, ni kona!"

Wiki mbili zilizopita tulifunga dakika ya themanini, watu wakaruka, mtu akamgonga, simu ikageuka. Tukaona uso wa mzee, mifupa mitupu, shingo imezungushiwa kitambaa. Fanyana, ninayelala naye chumba kimoja, akasema, "Huyo kizee nani tena? Amemwibia baba yako simu?" Nami, bado nashangilia bao, nikapaza sauti, "We mzee, mrudishie mwenyewe simu yake!" Yule mzee akanitazama. Akasema, "Samahani, mwanangu," akaigeuza uwanjani.

Nilimpigia dada yangu Sithabile, akalia kwanza ndipo akasema ni saratani ya koo tangu mwaka jana, baba alimwapisha asiniambie, daktari amesema Krismasi hafiki, uwanjani anasukumwa kwa toroli la kubebea simenti, na dawa ya maumivu anainywa saa nane ili saa tisa mkono utulie. Jumapili iliyofuata alipiga, wenzangu wamekaa tayari, simu ikaita mpaka ikakata, sikupokea. Sasa imebaki mechi ya mwisho, mwishoni mwa mwezi huu, tukishinda tunapanda daraja, na baba amesema atakwenda. Sithabile anasema, "Ukimruhusu umemzika." Fanyana anasema, "Ukimkataza umemzika mapema zaidi." Nikirudi nyumbani kazi imekwisha, na kazi hiyo ndiyo inayonunua dawa zake. Nitampigia niseme nini, MaSibindi, mimi niliyemwita mwizi?

Mehluli, Tembisa

Mehluli,

Matusi uliyoomba sikupi yote, nusu nawawekea wengine. Huku nyumbani Bulawayo kila baa ina televisheni nne za kuonyesha timu za Uingereza, tunajua hata jina la mbwa wa kipa wao, na timu iliyoundwa na wafua vyuma wetu wenyewe haina kamera ila mkono wa mgonjwa. Walioziua karakana zile, wakawamwaga vijana wetu ng'ambo ya mto Limpopo, huko uliko, ndio hao wanaopanda majukwaani kutufundisha kuipenda nchi. Hao sijamalizana nao.

Lakini usijifiche nyuma yao. Si serikali iliyokuziba mdomo usimuulize baba yako, "Na wewe umekula?" Mechi ina mapumziko ya robo saa. Robo saa hiyo, kila Jumapili, miaka minne, mlikuwa mnafanya nini? Mlikuwa mnamega isitshwala.

Wala usimfanye mzee wa watu mjinga. Alikuwa beki, anajua kuziba. Ulimwambia mara moja tu kwamba uwanja ni bora kuliko uso wake, akakusikia, akauficha nyuma ya simu pamoja na ugonjwa wake ili ucheke. Na ulipomfukuza kwenye simu yake mwenyewe, aliyeomba radhi ni yeye. Halafu unaniuliza utaanzaje?

Utaanza leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Usimpelekee kilio, anacho cha kwake. Sema, "Baba, geuza simu nikuone." Atasema mtandao mbaya. Subiri. Akiigeuza, usitazame pembeni.

Kisha rudi nyumbani. Pita mlango wa mpaka na pasi yako mkononi, waache wakugongee muhuri wao. Miaka mitano ina mwisho. Wale vijana wanane waliotazama mechi kwa mkono wa mzee wachangie dawa zake mpaka mwisho, na atakayeona uzito aniandikie mimi. Magari yanagongana hata Bulawayo, huwezi kukosa nyundo ya kushika.

Kuhusu mechi, tangu lini wewe ni wa kumruhusu au kumkataza baba yako? Akitaka kwenda, toroli usukume wewe, na simu ibaki mfukoni.

Sikudanganyi kwamba utamwahi. Safari ni ndefu, na foleni ya mpakani haimjui mgonjwa wa mtu. Ukikuta viti vimepangwa uani na Sithabile amekaa chini, hilo utaishi nalo, na dawa yake sina.

Ukimkuta hai lakini hawezi kuinuka, najua utakachofikiri: kukimbilia jukwaani umrushie mechi kitandani. Usithubutu. Kaa naye. Uwanja ule uko mtaani kwenu, kelele za bao zinafika hadi chumbani. Zikifika atakuuliza nani amefunga. Mwambie hujui, hukuwa unatazama mpira.

MaSibindi